Kabla ya Lufufu na DJ Afro kulikuwa na benshi wa Japani. Je, ndio waliochelewesha sinema za sauti?

#1 MzeeWaKanda
Wakuu, salaam.

Jumapili kijana wangu alikuwa anaangalia filamu ya Kikorea iliyotafsiriwa. Dijei, yule mtafsiri anayesimulia juu ya filamu kama Lufufu wetu au DJ Afro wa Kenya, anaongea kuliko wahusika wenyewe. Mhusika kafumba mdomo, dijei bado anamwaga maneno. Nikamwambia haya mambo hayakuanzia vibanda umiza vya Manzese, Wajapani waliyafanya babu yako hajazaliwa. Akanijibu, "Baba, hiyo chai." Basi naileta hapa, mtamwambia wenyewe.

Enzi za filamu bubu, kuanzia 1896, Japani palikuwa na mtu anayesimama kando ya kitambaa cha sinema, ana kimeza chake na kitaa kidogo. Anaitwa benshi. Anasimulia hadithi, anatoa sauti ya mzee, ya binti, ya mtoto, na pale pa kulia analia. Mwaka 1927 walihesabiwa 6,818, na katika hao wanawake ni kama 180. Wale wakubwa majina yao yalikaa kwenye mabango kwa herufi nene kuliko za waigizaji. Mtu anauliza kwanza leo anasimulia nani, ndipo aulize filamu gani.

Sasa hoja yangu. Marekani walitoa filamu yenye sauti, The Jazz Singer, mwaka 1927, na ilipofika 1930 Hollywood ilikuwa imeshazipa kisogo filamu bubu. Japani waliendelea kuzitengeneza hadi katikati ya miaka ya 1930. Ozu, mwelekezaji mkubwa kabisa wa Japani, filamu yake ya kwanza ya hadithi yenye mazungumzo ni ya 1936! Mimi nasema mabenshi ndio waliokaba njia. Anayepinga aje na hoja, asije na matusi.

#2 KahawaChungu
Nimekaa paleee. Wajuzi waje.

#3 DogoWaBuguruni
6,818? Mzee, uliwahesabu mwenyewe ukiwa unakata tiketi mlangoni?

Halafu swali la ujinga: kama kila ukumbi una msimulizi wake, filamu moja si inakuwa hadithi kumi tofauti?

#4 MzeeWaKanda
Ndiyo utamu wenyewe huo, dogo. Filamu ni ileile, lakini mtaa wa Asakusa unalia na mtaa wa Shinjuku unacheka.

Hesabu usiibishie sana, hawa watu walikuwa wanajulikana serikalini. Polisi wa Tokyo walianza kuwapa leseni 1917. Kanuni hizohizo za 1917 ndizo zilizotenganisha viti vya wanaume na vya wanawake ukumbini. Serikali iliona mtu anayeongea gizani mbele ya watu mia tano si wa kuachwa hivihivi.

#5 FundiRedio
Mzee, heshima yako, ila hapo umempiga mtu asiye na kosa. Sauti ni pesa. Sauti si kununua spika ukatundika ukutani.

Miaka ile kulikuwa na njia mbili zinazogombana, sauti kwenye santuri inayozungushwa sambamba na filamu, na sauti iliyochapwa pembeni mwa filamu yenyewe. Ukichagua vibaya, mashine yako inakuwa kabati. Na zile mashine za Wamarekani zilikuwa na hakimiliki, unalipia. Ndiyo maana studio ya Shochiku walipotoa filamu ya kwanza ya Kijapani ya mazungumzo iliyofanikiwa, mwaka 1931, walitumia mtambo uliobuniwa nyumbani, wa Tsuchihashi. Na mwaka huo dunia nzima iko kwenye mdororo wa uchumi. Mwenye ukumbi wa mkoani atoe wapi hela ya kufunga mashine? Yule hana sauti, kwa hiyo studio inaendelea kumtengenezea filamu bubu. Soko ndilo lililochelewesha.

Mimi nimefunga spika kwenye mabanda ya video miaka ya tisini. Kuna jamaa mmoja alikaa miaka miwili na spika moja inayokoroma kwa sababu ya pili ilikuwa bei ya mbuzi wanne. Watu walikuja hivyohivyo.

#6 BintiMkunazini
Assalaam aleikum jamaani.

Kwanza nirekebishe. 1896 hapakuwa na kitambaa wala wa kusimama kando yake. Kilichoingia Kobe mwaka huo ni kinetoskopu ya Edison, lile sanduku unalochungulia kwa tundu, mtu mmoja mmoja. Kuonyesha ukutani kulianza 1897, pale Inabata Katsutaro alipoleta mashine ya Lumière akaionyesha Osaka. Huyu Inabata alisoma Lyon na alifahamiana na Auguste Lumière tangu huko.

Pili, mnaongea kama benshi alizaliwa na sinema. Angalieni kilichokuwapo kabla. Kwenye bunraku, mchezo wa vinyago vya Osaka, msimulizi amekaa pembeni pamoja na mpiga shamisen, ala ya nyuzi, na yeye peke yake anasema maneno ya vinyago vyote. Watazamaji wa Kijapani walikuwa na mazoea ya zamani ya kuona mwili huku na kusikia sauti kule, na wala hawaoni kasoro. Mzungu ndiye aliyeona filamu bubu ina pengo linalosubiri kuzibwa. Mjapani pengo hakuliona.

Halafu lipo jambo la kawaida kabisa. Filamu za mwanzo hazimalizi hata dakika moja. Watu wametoa fulusi zao, utawaonyesha dakika moja uwaambie kwaherini? Lazima mtu asimame aeleze mashine inavyofanya kazi, atie chumvi, arefushe.

#7 MzeeWaKanda
Nimekubali kosa la 1896, dada. Nilichanganya sanduku na kitambaa. Mwanangu asisome post hii.

Lakini hoja yako inanisaidia mimi! Kama watu walikuwa wameshamzoea msimulizi, basi msimulizi ndiye aliyewafanya wasione haja ya sauti.

#8 BintiMkunazini
Kuzoea si kukaba. Mimi nimezoea ukwaju, lakini ukwaju haujamzuia mtu kuleta soda.

#9 Mwanakwetu254
Niaje wakubwa. Mkisema dijei, sisi huku Kenya tuna DJ Afro na hatutaki mashindano.

Nikiwa class seven kule kwetu kulikuwa na kibanda cha video nyuma ya posho mill, bob tano. Filamu za kung fu, zote na Afro. Jamaa wa Hong Kong anaitwa jina la chifu wetu, adui anaambiwa anadaiwa pesa ya githeri. Nilipofika chuo roommate akaniwekea ileile filamu kwa lugha yake, na maandishi chini. Wacha, niliona kama imekufa. Nikamuuliza, mbona wameondoa maneno? Akanicheka semester nzima.

Swali: na hawa benshi walikuwa wanadanganya pia, ama walisoma kilichoandikwa?

#10 KashataTamu
@Mwanakwetu254 walidanganya mpaka serikali ikanufaika 😂

Kuna kisa maarufu cha mwanzoni kabisa mwa karne iliyopita. Ililetwa filamu ya Kifaransa kuhusu mwisho wa mfalme Louis wa 16. Polisi wakaizuia, maana kuonyesha wananchi wanamwondoa mfalme katika nchi yenye mfalme mkuu wake ni kujitakia makubwa. Wenye filamu hawakukubali hasara. Wakaibadilisha jina, ikawa hadithi ya Amerika ya Kaskazini, "Mfalme wa Pangoni". Louis akawa mkuu wa majambazi wa milimani. Wale raia wenye hasira wakawa wananchi wema wanaosaidiana na polisi kuwakamata majambazi! Picha hazikuguswa. Kilichobadilika ni mdomo wa msimulizi tu.

#11 DogoWaBuguruni
Nimecheka mpaka kondakta kanigeukia. Lufufu angempa huyo jamaa mkono.

#12 ShangaziWaDodoma
Jamani mimi nilimsikia Lufufu kwenye kanda. Alikuwa anaeleza hata vitu ambavyo havimo: huyu bwana nyumba yake amejengewa na mkewe, hii bahari ndipo walipozama wazee wake. Na ukimsikiliza unaamini, maana anakuambia kwa upole kama mjomba. Kutafsiri ilikuwa kazi ndogo, kubwa ilikuwa ni kutukaribisha ndani ya ile nyumba.

#13 MtafitiMchovu
Nimesoma uzi wote. Nina tatizo na #1, na pia na #6, samahani dada.

Angalieni China. Shanghai walipata filamu yao ya kwanza ya mazungumzo 1931, mwaka uleule wa ile ya Shochiku. Je, filamu bubu zilikufa? Hapana. Mwaka 1934 kampuni ya Lianhua ilitoa Shennü, yule mama anayejiuza usiku ili mwanawe asome, na Ruan Lingyu haongei neno hata moja na ni moja ya kazi bora za nchi ile mpaka leo. Ruan alifariki Machi 1935 karibu kazi yake yote ikiwa bubu. Sasa, Shanghai walikuwapo waelezaji wa filamu siku za mwanzo, lakini hapakuwahi kuwa na jeshi la mabenshi lenye leseni, mabango na mashabiki. Hawakuwa na benshi wa kukaba njia, hawakuwa na bunraku, na bado walichelewa vilevile.

Kwa hiyo mimi nipo karibu na FundiRedio, ila naongeza kitu alichokiacha: lugha. Filamu bubu ya Shanghai inauzwa Beijing, Guangzhou, hadi Singapore, unabadilisha maandishi tu au hubadilishi kabisa. Ukiitia sauti, lazima uchague ni Kichina cha nani. Mwaka 1933 kampuni ya Tianyi ilitoa filamu ya Kikantoni, Joka Jeupe la Dhahabu, na watu wa kusini waliifurahia kweli kwa sababu hatimaye kitambaa kimeongea lugha yao.

#14 DogoWaBuguruni
Tianyi ndio nani tena?

#15 MtafitiMchovu
Ni kampuni ya ndugu wa ukoo wa Shaw. Wale wale ambao baadaye, Hong Kong, ndio Shaw Brothers wa kung fu zako.

#16 DogoWaBuguruni
Wale wa alama ya SB mwanzoni?? Kumbe tuko nyumbani! Hamkusema mapema, nimekaa najifanya msomi.

#17 KashataTamu
Mtafiti, China umeileta vizuri, lakini Japani lugha haikuwa tatizo kubwa hivyo. Huwezi kuponya mguu wa Juma kwa dawa ya Hamisi.

Ngoja niwaambie habari ya Heigo. Kurosawa, mwelekezaji wa Seven Samurai, alikuwa na kaka yake, Heigo, benshi wa filamu za nje. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake filamu za kuangalia. Sauti ilipoingia, makampuni yakaanza kuwapunguza mabenshi na wanamuziki. Wakagoma. 1932 ilikuwa migomo juu ya migomo, na Heigo alikuwa miongoni mwa viongozi. Walishindwa. Julai 1933 alijiua, akiwa na miaka 27. Kurosawa ameyaeleza mwenyewe kwenye kumbukumbu zake.

Ninachouliza ni hiki, Mzee: mwenye nguvu anagoma? Anayegoma ni yule ambaye mlango umeshafungwa. Hao unaosema walikaba njia, miaka miwili mitatu tu baada ya sauti kuingia walikuwa barabarani wameshika mabango.

#18 MzeeWaKanda
Kashata umenigusa na habari ya Heigo, Mungu amrehemu.

Lakini mgomo ni nguvu pia. Ukumbi ukigoma leo, kesho mwenye ukumbi anafikiria mara mbili kufunga mashine. Na hata mabosi walihesabu: benshi mwenye jina anajaza viti mia tano, filamu ya sauti yenye mkwaruzo itajaza? Benshi Musei Tokugawa akisimama ukumbi wa Musashinokan kule Shinjuku, hata filamu ngumu inaeleweka. Kuna ile ya 1926 ya Kinugasa, Ukurasa wa Wazimu, haina hata maandishi ya kueleza, imejaa wagonjwa wa akili na ndoto, na Musei ndiye aliyeisimulia pale. Filamu ilipotea miaka, Kinugasa akaja kuikuta ghalani kwake 1971. Leo ukiiangalia bila msimulizi, unatoka hujui umeona nini.

#19 FundiRedio
Hata wenye filamu wenyewe hawakuwapenda mabenshi, hilo hamlisemi. Tangu miaka ya 1910 kulikuwa na vijana wasomi Tokyo wakidai filamu safi. Walitaka wanawake wacheze nafasi za wanawake badala ya wanaume waliojipamba, picha za karibu, maandishi kwenye filamu, na huyu msemaji apunguzwe. Kwao benshi alikuwa mwanya wa uvivu: mwelekezaji anapiga picha ndefu isiyokatwa kwa sababu anajua kuna mtu atakayeeleza. Kwa hiyo "Wajapani waliwapenda" inategemea unamuuliza Mjapani gani.

#20 MtotoWaKorogwe
Natoka nje ya mada kidogo, mnivumilie.

Mnajua kwamba miaka ileile mabenshi wanakufa kule, sisi huku tulikuwa tunaanzishiwa wa kwetu? Vugiri, milima ya Usambara, 1935 hadi 1937, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa sinema za kuelimisha Waafrika. Filamu kama 35 hivi, mambo ya kilimo, afya, kuweka akiba posta. Picha ni bubu, na maelezo yanachezwa kwa santuri, kila sehemu kwa lugha yake, Kiswahili kikiwemo. Walizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland.

Bibi yangu alisimulia habari za gari la sinema, sina hakika kama ni hilo au la baadaye. Alichokumbuka ni kwamba sauti ilisema jambo moja, na mzee mmoja nyuma akasema jingine, na kijiji kizima kikamsikiliza yule mzee.

#21 ShangaziWaDodoma
Huyo mzee ndiye benshi wetu wa kwanza, apewe leseni.

#22 Kijana_wa_Kawempe
Habari zenu ndugu. Kiswahili changu ni cha barabarani, mnisamehe.

Hapa Kampala tunao vijei. Filamu ya Kimarekani, ya Kichina, ya Kikorea, zote zina sauti kamili na vijei anaongea juu yake kwa Luganda. Hata filamu yetu wenyewe ya Wakaliga, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ina vijei ndani yake! Anashangilia, anatania, anakuambia "sasa utaona". Filamu ya nyumbani, ina sauti, na msimulizi yupo bado.

Basi mimi naona swali lenu liko kichwa chini. Mnauliza kwa nini benshi alikaa muda mrefu. Mimi nauliza kwa nini sauti ilimwua. Kwetu sauti haikuua mtu.

#23 KahawaChungu
Hapo sasa. Kahawa imepoa nimesahau kunywa.

#24 BintiMkunazini
Mganda kapiga kwenye mshono. Jibu langu ni kusoma. Mwaka 1931 Japani walionyesha Morocco ya Marlene Dietrich, ina sauti, na maandishi ya Kijapani yamechapwa juu ya picha. Watu wakasoma, wakaelewa, wakamsikia Marlene kwa sauti yake. Wajapani wakati ule wengi sana wanajua kusoma. Filamu za nje zikawa na maandishi, za nyumbani zikawa na Kijapani. Benshi abaki na nini? Kwenye kibanda umiza anayesoma maandishi ya Kiingereza yanayokimbia ni nani?

#25 Mwanakwetu254
Madam, mimi nasoma hayo maandishi vizuri na bado nataka Afro. Si shida ya kusoma. Ni kampani.

#26 FundiRedio
Na mimi nitoe jibu la fundi. Filamu bubu ina nafasi, benshi anaweza hata kumwashiria mwendesha mashine apunguze mwendo ili amalize maneno yake. Filamu ya sauti ina mwendo mmoja, fremu 24 kwa sekunde, ukipunguza sauti inakuwa ya jini. Benshi akawa hana pa kuingilia. Wapo waliojaribu kuongea juu ya filamu za sauti za kizungu, ukumbi ukawa sokoni. Vijei wa Kampala ana kitufe cha kushusha sauti ya filamu. Benshi alikuwa na koo tu.

#27 MtafitiMchovu
Korea isisahaulike. Ilikuwa chini ya Wajapani tangu 1910 na huko benshi aliitwa byeonsa. Filamu ya Arirang ya Na Woon-gyu ilianza kuonyeshwa ukumbi wa Danseongsa, Seoul, Oktoba 1926. Polisi wa Kijapani wanakaa ukumbini kusikiliza. Byeonsa akijua polisi yupo anasema hadithi ya kichaa wa kijijini tu, polisi akitoka, yule kichaa anakuwa Korea nzima. Filamu ya kwanza ya sauti ya Kikorea ilikuja 1935. Msimulizi wa namna hiyo ukimwondoa hupotezi burudani peke yake. Na Arirang yenyewe imepotea, hakuna nakala inayojulikana. Waliobaki nayo ni waliosikia.

#28 KashataTamu
Na kwa wanaouliza walikwenda wapi: wakubwa kama Musei waliingia redioni na wakang'ara upya. Wadogo, wengine waliishia kwenye kamishibai. Unakuwa na baiskeli, sanduku la mbao na picha za karatasi, unapiga vibao viwili vya mbao mtaani, watoto wanakuja, unawauzia peremende, kisha unawasimulia. Anayenunua anakaa mbele. Mimi na jina langu hili nimewaelewa kabisa.

#29 DogoWaBuguruni
Kashata bei gani post ya mbele?

#30 MzeeWaKanda
Wakuu, asanteni. Nimebanwa pande zote ila sijaanguka. Bado nasema bila mabenshi Ozu angetoa sauti mapema.

#31 MtafitiMchovu
Ozu alikuwa anamsubiri mpiga picha wake amalize mtambo wa sauti aliokuwa anaubuni. Alimwahidi. Benshi hahusiki hapo, Mzee.

#32 MzeeWaKanda
Wewe mchovu gani hulali?

#33 KijanaWaMzee
Mimi ndiye mtoto wa mleta mada. Nimesoma mpaka post namba 7, baba.

Hivi bado wapo? Nataka kuona moja.

#34 BintiMkunazini
Wapo wachache, mwanangu. Mtafute Sawato Midori, mwanafunzi wa Matsuda Shunsui, yule aliyekusanya filamu bubu zilizonusurika na tetemeko la 1923 na mabomu ya vita. Anza na Orochi ya 1925, panga zinaruka mpaka mwisho. Na ukiipata yenye sauti yake, zima maandishi.

#35 Kijana_wa_Kawempe
Ukiipata nitumie. Kuna vijei hapa mtaani nataka kumwonyesha, tuone atasemaje.